Meli ilikwama Vienna, nikapewa vocha: je, nina haki ya kudai?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Naishi Köln, Ujerumani. Septemba 2024 nilimleta mama yangu kutoka Moshi. Ana miaka 68 na goti linamsumbua, nikaona meli ya mtoni itamfaa: aione Ulaya akiwa amekaa. Nikalipia safari ya mto Danube, Passau hadi Budapest na kurudi, usiku saba, euro 1,349 kwa kila mmoja wetu. Tangazo lilisema chakula chote kimo. Kwenda tulikwenda vizuri. Wakati wa kurudi, tulipofika Vienna mvua na mafuriko yakatukuta. Meli ikakaa hapo siku tatu, moja kati ya hizo gati lilikuwa chini ya maji na hatukuweza hata kushuka, kisha tukapandishwa basi hadi Passau. Juu ya hayo nikaletewa bili ya euro 612 ya vinywaji, matembezi na bakshishi. Nilipolalamika, kampuni ikanipa vocha ya euro 150 kwa kila mtu kwa safari ijayo na kusema mafuriko ni kazi ya Mungu, hakuna fidia. Mama anasema alifurahi, lakini najua siku zile alikaa anatazama ukuta wa meli ya jirani. Je, nimeibiwa? Naweza kudai? Na akija tena, nirudie safari ya namna hii au niachane nayo?

JIBU: Dada yangu, pole sana, na mpe mama pole zangu. Bili na ratiba ulizonitumia nimezisoma mstari kwa mstari. Nianze na lile lenye haraka: kudai unaweza, na haki yako ni nzito kuliko ulivyoambiwa.

Kampuni imekujibu nusu ya ukweli. Mafuriko yale ya katikati ya Septemba 2024, yaliyoletwa na dhoruba Boris, hayakusababishwa na mtu. Mto ulifungwa kwa amri ya mamlaka, na nahodha ambaye angeng'oa nanga angevunja sheria. Kwa hiyo fidia, yaani malipo ya usumbufu na likizo iliyopotea, hutaipata, na usiidai. Lakini mbali na fidia kuna punguzo la bei, na haya ni mambo mawili tofauti kisheria. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2015/2302 linalohusu safari za kifurushi, yaani usafiri, malazi na huduma nyingine zinazouzwa pamoja, linasema kwamba ukiuziwa huduma nane ukapewa tano, bei lazima ishuke kwa kiasi cha zile tatu, hata kama aliyekuuzia hana kosa lolote. Kinachomwondolea wajibu huo ni kosa la msafiri mwenyewe tu. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilirudia jambo hilohilo Januari 2023, katika kesi ya watalii wa Kijerumani ambao safari yao ilivurugwa na masharti ya korona: kampuni haikuwa na kosa, na bado msafiri ana haki ya kupunguziwa. Katika sheria ya Ujerumani hili limo kwenye kifungu cha 651m cha BGB, yaani sheria ya kiraia ya nchi hiyo. Kiandike kifungu hicho kwenye barua yako. Anayeshughulikia malalamiko akikiona atajua kwamba umeshauriwa.

Sasa hesabu. Mlilipa euro 2,698 kwa siku nane, yaani kama euro 337 kwa siku kwa wote wawili. Siku ya kwanza ya Vienna ilikuwa kwenye ratiba na mliitumia mjini, kwa hiyo hiyo iache. Ukiiingiza utawapa nafasi ya kusema unadai usichostahili. Zinabaki tatu: siku mliyofungiwa melini, siku iliyofuata mkiwa mmetia nanga palepale, na siku ya basi. Hakuna sheria inayotaja asilimia kamili. Mahakimu hupima kila kesi kwa uzito wake, ila ipo orodha ya hukumu za kesi za meli za kitalii inayojulikana Ujerumani kama Würzburger Tabelle, na mawakili huitumia kulinganisha. Mimi ningedai robo tatu ya bei kwa siku ya kufungiwa na nusu kwa kila moja ya zile mbili. Hiyo inafika karibu euro 590. Vyumba mlikuwa navyo na chakula mlipewa, ndiyo maana sisemi udai bei nzima.

Na kuna kitu hukukiona. Kwenye bili yako yamo matembezi ya Melk, euro 46 mara mbili. Melk ilikuwa kituo cha kurudi. Hamkufika! Hizo euro 92 haziingii kwenye hesabu ya punguzo. Ni fedha ya huduma ambayo haikutolewa, na zirudishwe zote. Ziandike kwenye aya yake peke yake, kwa sababu juu ya hizo hakuna cha kubishania.

Barua iwe ya Kijerumani, fupi, yenye tarehe, namba ya safari, kilichoahidiwa na kilichotokea kila siku. Ambatisha nakala ya ratiba uliyolipia na zile karatasi za programu walizokuwa wakiwawekea chumbani kila jioni, kwa sababu hizo ni maneno ya kampuni yenyewe. Picha ya gati lililozama itasaidia. Watakuuliza kama ulilalamika papo hapo. Kweli sheria inamtaka msafiri aseme mapema ili kasoro irekebishwe, lakini hapa hakuna malalamiko ambayo yangeshusha maji ya Danube, kwa hiyo kutolalamika hakukuondolei haki. Kama ulimwambia kiongozi wa safari, taja siku na jina lake. Wape siku 14 wakulipe kwenye akaunti ya benki. Mkataba uko kwa jina lako, kwa hiyo unadai kwa niaba ya mama pia.

Vocha usiitumie, na usisaini karatasi yoyote yenye maneno kwamba umeridhika au kwamba madai yameisha. Vocha ya euro 300 inakutaka kwanza utumie tena euro elfu mbili na kitu kwao. Muda wa kudai ni miaka miwili tangu siku ambayo safari ilipaswa kuisha, kwa hiyo unao hadi Septemba 2026, lakini usisubiri. Wakikataa, nenda Verbraucherzentrale, kituo cha kutetea wanunuzi, ya jimbo la Nordrhein-Westfalen. Wana ofisi Köln na ushauri wao si wa bei mbaya. Baada ya hapo ipo mahakama ya mwanzo, Amtsgericht, ambako dai la kiasi hiki unaweza kulipeleka bila wakili.

Hayo ni ya mafuriko. Ile bili ya 612 ni habari nyingine, na hapo jibu langu halitakufurahisha: kisheria hujaibiwa. Umeuziwa kwa bei ya chini, kisha iliyobaki ukaimalizia ndani ya meli. Hivyo ndivyo safari nyingi zinazolenga soko la Ujerumani zinavyouzwa. Bei ya tangazo inashushwa ili ivutie, halafu vinywaji, matembezi na bakshishi vinatozwa kimoja kimoja. Kampuni nyingi zinazouza kwa Wamarekani hufanya kinyume: bei ya mwanzo inatisha, lakini ndani yake mna divai ya mezani na matembezi ya kila mji. Ukizilinganisha kwa bei ya tangazo peke yake utapotea. Kwenu nyongeza ilizidi moja ya tano ya nauli, na hapo sijahesabu treni ya Köln hadi Passau, viza na bima.

"Chakula chote kimo" maana yake ni chakula. Chai na kahawa ya asubuhi hutolewa bure, lakini maji ya chupa, soda na juisi za mchana na jioni vinaandikwa kwenye namba ya chumba. Ninyi mmelipa euro 186 kwa vinywaji, na mama hanywi pombe. Najua ulishawishiwa kuchukua kifurushi cha vinywaji siku ya kwanza, kwa kuwa wengi huwaambia wageni kwamba chumba kizima lazima kichukue. Vifurushi vile bei yake imepangwa kwa mtu wa bia na divai. Mnywa chai na maji hawezi kurudisha fedha yake hata akikaa mezani mchana kutwa. Maji ya bomba ya Ujerumani, Austria na Hungary ni salama kabisa kunywa. Mkija na chupa zenu mtajaza mjini.

Kwenye matembezi ndiko palipoliwa fedha nyingi, euro 286, na sehemu kubwa ilikuwa haina sababu. Bratislava meli hutia nanga kando ya mji wa kale wenyewe. Ukishuka umefika, na mama angetembea taratibu kwa goti lake akipumzika kwenye mabenchi. Budapest magati mengi yako katikati ya mji, Bunge na kasri la Buda vinaonekana ukiwa sitahani, na tramu namba 2 inapita kandokando ya mto upande wa Pest. Vienna gati liko mbali kidogo, karibu na daraja la Reichsbrücke, ndiyo maana watu huogopa na kulipia basi. Lakini kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Vorgartenstraße kiko jirani, na kwa laini ya U1 ni vituo vinne tu hadi Stephansplatz, mbele ya kanisa kuu la Mtakatifu Stefano. Tiketi ni euro chache. Melk peke yake ningewashauri mlipie, kwa sababu abasia, ile nyumba kubwa ya watawa, iko juu ya mwamba na njia ya kupanda ingemwumiza mama. Bahati mbaya, hiyohiyo ndiyo mliyoikosa.

Bakshishi: euro 10 kwa mtu kwa usiku, jumla 140, na iliingizwa kwenye bili bila wewe kuulizwa. Bakshishi ni hiari. Kama ingekuwa lazima, ingebidi iwemo kwenye bei ya tangazo. Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua hivyo mwaka 2015 kuhusu ada ya huduma ya meli moja ya kitalii. Unayo haki ya kwenda mapokezi siku ya mwisho na kusema iondolewe, au ipunguzwe. Hata hivyo nisikilize kwa hili: waliokuwa wakimshika mama mkono kwenye ngazi na kumtandikia kitanda ni vijana wa Romania, Serbia, Ufilipino na Indonesia, wanaofanya kazi saa nyingi mbali na kwao kwa mshahara usiotosha. Ningekuwa wewe ningeiacha ya safari hiyo kama ilivyo. Safari nyingine, omba iondolewe na uwape mkononi, kiasi unachokijua na kwa mtu unayemjua.

Nimeguswa zaidi na habari ya chumba, maana pale mama alipoteza siku zake na hakuna bili inayolionyesha hilo. Bei ya tangazo karibu kila mara ni ya chumba cha sitaha ya chini, ambako dirisha ni dogo, liko juu karibu na dari, halifunguki, na maji yanapita sentimita chache chini yake. Mara nyingi lifti haifiki sitaha hiyo. Mwenye goti bovu anapanda ngazi kila mlo. Halafu hakuna tangazo linalosema kwamba kwenye miji mikubwa magati hayatoshi, kwa hiyo meli hufungwa ubavu kwa ubavu, tatu hata nne. Abiria wa meli ya nje hushuka kwa kupita ndani ya meli za wenzao, na wa ndani hufunga mapazia mchana. Hata aliyelipa mamia zaidi kwa chumba cha juu chenye roshani anatazamana na mgeni aliyevaa taulo. Na hiyo wanayoiita roshani ya Kifaransa ni mlango wa kioo na kizuizi cha chuma tu. Huwezi kuweka kiti nje.

Kwa nini meli zote zinafanana hivi? Kwa sababu mto wenyewe umezipima. Kati ya Passau na Budapest kuna mabwawa 11 ya umeme, kuanzia Jochenstein hadi Gabčíkovo, na kwenye kila bwawa meli inaingia katika chumba cha maji na kupandishwa au kushushwa. Zile zinazokwenda hadi Rhine hupitia mfereji wa Main-Danube uliokamilika mwaka 1992, ambao malango yake yana upana wa mita 12. Ndiyo maana meli kubwa kabisa za aina hii zina urefu wa mita 135 na upana wa mita 11 na nusu hivi. Urefu wa kwenda juu nao umebanwa na madaraja. Maji yakipanda, meli haipiti chini ya daraja hata chumba cha nahodha kikishushwa. Maji yakipungua, inagusa mchanga kwenye sehemu zisizo na mabwawa, kama bonde la Wachau na mashariki ya Vienna. Abiria anaambiwa ni bahati mbaya, lakini kampuni inajua wazi kwamba jambo hili hurudi. Passau maji yalifika mita 12.89 mwaka 2013, kiwango kilichokuwa hakijaonekana pale tangu mwaka 1501. Juni 2024 mji huohuo ulifurika tena, miezi mitatu kabla ya safari yenu. Upande wa pili, mwaka 2018 na 2022 ukame ulikwamisha meli za Rhine na Danube pia.

Kwa hiyo usijilaumu kwa kuchagua Septemba. Kwa kawaida hatari ya mafuriko sehemu hiyo ni kubwa zaidi Mei hadi Julai, theluji ya Alps ikiyeyuka na mvua za kiangazi zikianguka, na kuanzia mwisho wa Agosti hatari huwa ni maji kupungua. Dhoruba ile ilikuja nje ya mazoea. Ukitaka kujua hali ya mto kabla ya kuondoka, Austria wana mfumo wa bure uitwao DoRIS na Ujerumani wana ELWIS. Vyote huonyesha kina cha maji na sehemu zilizofungwa. Ukiona wiki moja kabla ya safari kwamba mto umefungwa, piga simu uulize mpango wao ni upi. Wakikuambia kabla ya kuondoka kwamba safari ya meli imegeuka kuwa safari ya basi, hayo ni mabadiliko makubwa, na unayo haki ya kuvunja mkataba na kurudishiwa fedha yote. Mkishapanda meli, haki inayotumika zaidi ni ile ya punguzo.

Sasa, urudie? Mimi ningemuuliza mama kwanza, na nisingepuuza neno lake kwamba alifurahi. Huenda kilichomfurahisha ni kukaa na wewe usiku saba bila wewe kukimbilia kazini. Kama ni hivyo, mto unao mlangoni. Bonde la Rhine ya kati, kutoka Koblenz hadi Bingen na Rüdesheim, ni kilomita 65 za ngome na mashamba ya mizabibu, na liko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2002. Treni ya RB26 inatoka Köln na kupita ukingoni mwa mto, na Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma, inakubaliwa. Mnashuka Boppard au St. Goar, mnapanda meli ya mchana, mnapita mwamba wa Lorelei, jioni mnalala kwenye nyumba ya wageni yenye dirisha linalofunguka. Maji yakijaa, mnaahirisha hadi wiki ijayo na hampotezi kitu. Wachau nayo, ile aliyoikosa mama wakati wa kurudi, ina meli za mchana kati ya Krems na Melk, msimu wa joto.

Kama bado anataka kulala melini, ningechagua mwisho wa Aprili, chumba cha sitaha ya kati penye lifti. Kabla ya kulipa kianzio, waandikie barua pepe uulize sitaha gani, dirisha linafunguka, lifti inafika, Wachau mtaipita mchana au usiku (meli nyingi husafiri usiku ili siku ziwe za mjini, na hapo roshani haikusaidii), kila mji mtatia nanga gati lipi, na mto ukifungwa kuna meli ya pili upande wa pili au ni basi. Jibu likija kwa maandishi, lihifadhi. Likija kwa simu peke yake, usilihesabu. Kianzio cha kawaida Ujerumani hakizidi asilimia 20, na usilipe hata senti kabla hujapewa Sicherungsschein, hati inayolinda fedha yako kampuni ikifilisika.

Kuhusu viza, kwa kuwa mama anakaa kwako muda mrefu kuliko melini, maombi yanapelekwa Ujerumani hata kama meli inapita Austria na Hungary. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024 na hairudi akikataliwa, bima lazima ifikie euro 30,000, na barua yako ya dhamana kwenye ofisi ya wageni ni euro 29. Viza itoke kwanza, ndipo ulipe meli, kwa sababu kukataliwa viza si sababu ya kurudishiwa kianzio. Na mkivutiwa na safari ndefu zaidi, ile ya kupita Belgrade hadi korongo la Danube liitwalo Milango ya Chuma, kumbuka Serbia haimo Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja: mama atahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo hataweza kurudi Köln.

Barua itume wiki hii. Jibu lao likifika, hata kama lina kiasi kinachoonekana kizuri, nitumie nakala kabla hujasaini chochote, pamoja na risiti ya zile euro 92 za Melk.